Bei Imetoka Juu

Karani wa kituo cha maziwa ana viganja vinavyonuka sabuni na maziwa kwa pamoja, na kabla ya kupima huinusa kila ndoo macho kayafumba, kama mtu anayenong'onezwa siri. "Taratibu, mama, hayo si maji ya kufulia." Bei huiandika ubaoni kwa chaki, naye hulaumiwa utadhani ndiye aliyeipanga. Wafugaji wakifoka, jibu lake ni lilelile: "Bei imetoka juu. Mimi napima tu." Lakini naye ana ng'ombe mmoja nyumbani. Foleni ikiisha, huzunguka meza na ndoo yake, husimama upande wa wafugaji na kukifokea kiti chake kitupu: "Karani, huu si wizi?" Kisha hurudi kukaa, akajijibu kwa sauti nzito ya kiofisi: "Bei imetoka juu." Watu huangua kicheko, wakaenda zao mioyo ikiwa myepesi.

Leo ameandika bei mpya kwa tarakimu ndogo mno. Serikali imezuia bei ya maziwa ya pakiti isipande dukani, kiwanda nacho kimepunguza malipo ya mfugaji, na pumba hazishikiki kwa bei. "Mkono mtupu haulambwi," alisema mama mmoja, "hata na ng'ombe." Hakuna aliyefoka. Foleni ilipoisha walibaki mlangoni wakisubiri mchezo wao. Karani akazunguka meza, akakitazama kile kiti. "Karani," akauliza polepole, "pumba nitanunua kwa pesa gani?" Wakangoja arudi kukaa, ajibu. Hakurudi. Alibaki upande wao, ndoo mkononi, naye akingoja kuambiwa.