Nazi Mbili za Bangkok

Miaka ya hamsini, mimi na mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri, mtu wa mtaa wa Ng'ambo kama mimi, tulikuwa tunarudi Unguja kutoka masomoni Australia. Ndege ilipotua Bangkok tukaambiwa tusubiri kwa muda wa saa saba. Nilitaka kulala tu, lakini mwenzangu akakodi gari.

"Twende tukauone mji," alisema. "Huku haturudi tena."

Tukazunguka mahekalu, lakini la tatu sikuingia. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havivaliki. "Nenda tu, dada, mimi nshachoka," nikamwambia. Nikakaa barazani kwa mwanamke aliyekuwa akikuna nazi. Mbuzi yake ilikuwa kama zetu, kibao cha kukalia na meno ya chuma mbele. Hatukuwa na lugha moja. Nilinyoosha mkono, naye akainuka, akanipisha. Nikakuna nazi mbili taratibu, yeye akinipepea, mpaka mwenzangu akarudi anahema.

"Umekosa mambo! Sanamu zima la dhahabu!"

Nilimshukuru yule mwanamke kwa kuinamisha kichwa, tukapanda gari, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Australia nikapata usingizi.