Mabaka kwenye Mkono wa Milimita

Mume wangu ni seremala. Wateja wanamwita Milimita, maana mlango wake ukifungwa hata wembe haupenyi. Msumeno wa umeme ulipomkata mkono wa kulia, aligeuka maiti inayotembea. Kisha madaktari wakampandikizia mkono wa marehemu mmoja, na baada ya mazoezi ya miaka akashika tena patasi. Siku hiyo tulilia kama watoto.

Basi mwanamume huyo akaanza kuvaa shati la mikono mirefu wakati wa joto. Anaoga kajifungia. Anakula kwa kushoto, kulia kumefichwa chini ya meza. Nikasema hapa pana mwanamke. Nikanusa shati, nikakuta harufu ya gundi tu, hasira zikanizidi. Nikamuuliza ni nani huyo. Akanyamaza.

Asubuhi moja, akiwa bado amelala, nikalipandisha lile shati mkononi. Mkono ulikuwa na mabaka mekundu tangu vidoleni, nayo yalikomea pale pale penye mshono. Ngozi yake mwenyewe ilikuwa safi.

"Ni vanishi, mama watoto," akasema akishtuka. "Imenichoma."

"Vanishi gani hiyo inayojua mpaka? Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari wake alikata kipande kidogo cha ngozi, akakipeleka maabara. Tuliporudi kuchukua majibu, hakutabasamu.

"Tunapima kwa daraja, sifuri hadi nne," alisema. "Sifuri, ngozi imetulia. Nne, ngozi inakufa. Hii ni tatu. Kinga ya mwili wake imeuona mkono ni mgeni, na sasa inashambulia mpaka ngozi ya juu. Tatu tunaweza kuituliza. Ikifika nne, huenda tukaukata. Baba, dawa za kutuliza kinga unameza?"

"Nameza, daktari. Kila siku."

Huyu mtu ukimuuliza kama ameshiba hufikiri kwanza. Hili alilijibu haraka mno.

"Mwambie ukweli," nikasema, "au nimwambie mimi." Wala sikuwa najua lolote.

Akainama. "Zinanitetemesha. Nikizimeza, patasi inacheza. Nikiwa na kazi nyingi naziruka. Seremala anayetetemeka nani atampa mbao zake?"

"Ungetuambia," daktari akasema taratibu. "Tungekupunguzia dozi, tukakupima. Wengi wanatetemeka."

Walimlaza, wakamtundikia dawa za mshipani, na mabaka yakafifia. Sasa kila asubuhi namletea maji mwenyewe.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Kwani huniamini, mke wangu?"

"Sikuamini."

Nampenda mwanamume huyu kuliko macho yangu. Lakini nilipomtuhumu kuwa na mwanamke alinyamaza, akaona afadhali nimdhanie mzinzi kuliko nijue kuhusu dawa. Akainua ulimi, nami nikachungulia mpaka kooni.