Mashua ya Mtu Asiyeinama

Dada yangu haambiliki. Nalisema mapema, asije mtu akaniuliza kwa nini sikumzuia. Ni fundi cherehani, ana miaka hamsini na minne, na nusu ya madirisha ya mtaa wetu yamevaa mapazia yake. Alipofika arobaini alijifunza baiskeli kwa siku tatu. Siku ya nne alipeleka kazi kwa mteja akiwa na plasta kwenye magoti yote mawili, na mteja alipomwonea huruma, akamwongezea bei.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini na sita. Kisha kiharusi kikampiga, upande wa kulia ukalegea. Maneno yalimrudia, mkono na mguu vikabaki nyuma. Alipojiona kwenye kioo na ile fimbo akakata shauri hatoki nje tena. Akawa mtu wa dirishani, akitazama ziwa lililo mwisho wa barabara, na wenzake waliokuja kumjulia hali walichoka kuzungumza na mgongo. Daktari alisema wazi: asipotoka na kujishughulisha, hata nguvu zilizobaki zitakwenda. Dada alibembeleza, akafoka, akanuna. Miezi minane. Mwishowe mzee akamjibu, "Barabarani sitoki kuonwa nikikokota mguu. Labda unitembeze majini."

Alitaka kumfunga mdomo tu. Sote tulielewa hivyo. Dada naye alielewa, ila alijitia hamnazo, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye karakana ya fundi mashua, mtu mwembamba tunayemwita Msumari, akijifunza kuongoza tanga. Nilidhani maji yatamkomesha. Jumamosi sita mfululizo alirudi amelowa mpaka kope, akicheka peke yake.

Msumari alikuwa na mashua mbili ndogo za kuuza. Kabla ya kwenda kuchagua, dada alimpima mumewe kwa tepu yake ya kazini: mabega, upana wa nyonga akiwa amekaa, goti hadi kisigino.

"Unanishonea suti?" mzee akauliza.

"Ndiyo," akajibu, bila haya.

Mashua ya kwanza ilikuwa ya faiba, nyeupe, nyembamba. "Hii, mama, inaruka," Msumari alisifia. Dada aliweka mguu mmoja tu, ikayumba akabaki ameng'ang'ania mlingoti. Tena abiria alitakiwa kukaa ukingoni na kuning'inia nje kuizuia isipinduke. "Hii ni ya vijana wawili wanaotaka kugombana na upepo," akasema. "Mimi nina mume."

Ya pili ilikuwa ya mbao, kuukuu, nzito, tumbo pana. Abiria alikaa chini katikati, mgongo kwenye ubao, wala haikujali nani kahama upande gani. Dada akatandaza tepu. Mabega yaliingia, nyonga ziliingia, miguu ilinyooka. Uso ulimng'aa kama mtu aliyeona koti limekaa sawa mara ya kwanza.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mshonaji: alikuwa amempima mtu aliyetulia. Msumari akamshauri aijaribu kwanza, basi mimi nikafanywa shemeji. Alinifunga mkono wa kulia kiunoni kwa mtandio, akanikalisha chini, tukaenda. Ilikuwa raha mpaka tulipogeuka. Tanga lilihama upande, na ule mti mrefu unaolishika chini ukaja nao kwa kasi.

"Inama!" dada akapiga kelele.

Niinameje, mkono mmoja, jaketi la kuokolea limenibana mpaka kidevuni? Ulinipiga juu ya sikio. Nilirudi nchi kavu na nundu kubwa na maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Abiria huwa anainama tu," Msumari akasema.

"Wangu hainami."

"Basi tafuta abiria mwingine."

Nilicheka. Dada hakucheka. Alinikalisha tena ndani ya mashua, akapima kutoka nundu yangu hadi kwenye mti, akaenda kulishika tanga na kulikagua mishono. "Nitalikata chini, shibiri mbili," akasema. "Wewe upandishe huu mti."

"Mama, tanga halikatwi kama gauni!"

"Gauni ndilo gumu, fundi. Lina mwenyewe."

"Mwendo utapungua."

"Nani kakwambia tuna haraka?"

Alilikata kwenye sakafu ya duka lake, sindano tatu zikavunjika, mapazia ya watu yakingoja. Kisha akaenda kumwambia mumewe mashua iko tayari.

"Nilikuwa natania," mzee akasema.

"Mimi sikutania." Nilikuwepo. "Karibu miezi kumi naishi na mgongo wako. Nimeuchoka. Nataka uso."

Mzee akauliza, "Ukinizamisha?"

"Tutazama wote. Utanilalamikia huko huko."

Akaomba fimbo.

Kufika ziwani lazima upite barabarani, hakuna njia nyingine. Alipita, mguu ukikokotwa, majirani wakimtazama na wengine wakimsalimu, naye akiitikia. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumkumbusha alivyoapa.

Tulimshusha kwenye mashua taratibu, wakaondoka wawili, mimi na Msumari tukabaki gatini. Hatua thelathini kutoka hapo dada akageuza vibaya, mashua ikaelekea upepo uso kwa uso, ikasimama. Tanga lilipigapiga bure. Alivuta kamba, akauzungusha usukani huku na huku, nikaona ameanza kuogopa, jambo ambalo sijamwona nalo tangu utotoni.

"Sukumeni tanga nje, mrudi nyuma kwanza!" Msumari akaita.

Shemeji akainua mkono wa kushoto, akaushika ule mti uliopandishwa usimguse, akausukuma kwenye upepo kwa nguvu zake zote.

"Usukani kinyume!" akamwambia mkewe. "Kinyume, mama! Kama unarudisha tela!"

Mashua ikarudi nyuma kidogo, ikageuka, tanga likajaa. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu augue. Nililia waziwazi, na Msumari akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Waliporudi nikamnyooshea shemeji mkono ili ashuke. Hakuupokea. Alinitazama kama dereva anavyomtazama mtu aliyemzibia njia.

"Wewe unatuzuia nini?" akaniuliza. Kisha, bila kugeuka, akamwambia mkewe, "Twende."

Nikawasukuma.