Machipukizi ya Ma Koku

Nakumbuka siku niliyong'oa watoto wa Ma Koku. Usishtuke mwanangu, nasema watoto wa mgomba! Uhuru ulikuwa bado mbichi, nasi vijana wa Bukoba mjini tukajitolea kwenda Rubafu kufufua vibanja, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi, migomba imebaki na magugu na wazee. Mimi Zainabu, binti wa muuza nguo, ndizi nilizijua zikiwa sahanini. Lakini mdomo ninao, na jembe nililishika kama niliyezaliwa nalo.

Nikapangiwa kibanja cha Ma Koku, mjane aliyeishi peke yake. Mwanawe wa pekee, Kamugisha, alikuwa ameagiza kutoka Uganda kwamba atakuja mwisho wa mwaka, na akikuta kibanja kimekufa atamchukua mama yake, mlango ufungwe. Mama hakutaka. Mumewe amezikwa pale pale kibanjani.

Kwa siku tatu nililima bila kumwuliza mtu. Magugu nikang'oa, na kila chipukizi lililosimama karibu na mgomba mkubwa nikalichimbua, nikalitupa juani. Kibanja kikawa safi kama uwanja wa bomani. Nikamwita Ma Koku aje aone, nasubiri sifa.

Akazunguka kibanja chote. Akashika mgomba mmoja wenye mkungu.

"Binti yangu, huyu mama umemwachia nani?"

Nikatazama huku na huku, nikimtafuta huyo mama.

"Shina moja lina mama, mtoto na mjukuu," akasema. "Mama akishatoa mkungu tunamkata, mtoto anashika nafasi. Kijiji hiki kinakufa kwa kukimbiwa na watoto, nawe umekuja kung'oa waliobaki?"

Lahaula! Mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nusura nimmalize mwenyeji. Nililia mwanangu, nililia kwa aibu. Yeye hakunifukuza. Aliniambia nifute machozi, niokote machipukizi ambayo hayajakauka.

Wenzangu waliporudi mjini, mimi nilibaki. Nilipanda upya yaliyopona, mengine nikaomba kwa majirani, nikayabeba kichwani, nikayatandazia nyasi kama Ma Koku alivyonielekeza. Safari hii niliuliza mpaka wakanicheka. Kamugisha alipokuja alikuta kila mama ana mtoto ubavuni. Akazunguka kibanja kizima, kisha akamwomba mama yake jembe. Hakurudi tena Uganda.

Nijisifu? Najisifu! Wajukuu wa Ma Koku wanakula pale hadi leo, na ile pembe ya kibanja niliyoipanda wanaiita Kwa Zainabu. Mimi, mtoto wa mjini, nina jina katika ardhi ya Rubafu!

Sasa nawe umejiandikisha kwenda kujitolea kijijini, na moyo wangu umejaa. Nenda. Ila ukifika, jembe liweke chini kwanza, uulize. Kuuliza si ujinga. Usiipime kazi yako kwa usafi wa shamba siku unayoondoka. Tazama umemwacha nani wa kushika nafasi. Mungu akulinde mwanangu, mikono yako isichoke, na kila shina utakalolishika akujalie uliache na mama, mtoto na mjukuu.