Binti Yangu Hapigi Hivyo

Wifi yangu ni mchapaji wa mahakama. Kazi yake ni kuandika kila neno linalosemwa mbele ya hakimu, hata shahidi akijikanyaga au akirudia jambo moja mara nne, na haruhusiwi kuongeza hata mkato wa kwake. Wenzake wamempa jina la Nakala Halisi, kwa sababu ya muhuri anaougonga kwenye kila ukurasa. Sisi nyumbani tumelifupisha, tunamwita Nakala. Mimi ndiye ninayelitumia zaidi, maana wifi asipomtania wifi yake atamtania nani?

Anaishi ghorofa ya pili na mama mkwe wangu, vyumba viwili na sebule iliyojaa piano ya marehemu baba mkwe. Mume wangu ndiye kaka mkubwa, lakini ilipofika siku ya kuamua mama akae kwa nani, nyumba yetu ghafla ikawa ndogo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema ni ndogo. Nayasema haya mapema ili nisije nikajifanya malaika mbele yenu.

Mama ana maradhi ya kusahau. Miaka sita iliyopita sura za watu zilianza kumpotea, na siku moja Nakala alirudi kazini akapokewa na kelele za mwizi. Mama alishika kiatu, anataka kumrushia. Nakala, kwa kuchanganyikiwa, akakimbilia kwenye piano na kupiga wimbo mmoja wa zamani wa jazi ambao baba yao alikuwa anaupenda. Mama akatulia. Akasema, "Kumbe ni wewe. Mbona hukuniambia?"

Tangu siku hiyo, Nakala akifika anavua viatu na kwenda moja kwa moja kwenye piano kabla ya salamu. Wimbo ukiisha, mama anakubali kula, kuoga na kubadilishwa nguo. Bila wimbo, hakuna chochote. Tatizo ni kwamba siku ile ya kwanza, kwa ile haraka, alibonyeza nota isiyofaa kwenye mstari wa tatu. Kesho yake akaipiga sawasawa, mama akainua kichwa.

"Wewe nani? Binti yangu hapigi hivyo."

Basi kosa likawa sheria. Miaka sita wifi yangu amekosea mahali palepale kila jioni, kwa makusudi, na mwanamke huyu kazini kwake anarudia ukurasa mzima kwa kosa la herufi moja!

Sasa, jazi haipigwi hivyo. Alinieleza mwenyewe: wimbo unaupiga mara moja kama ulivyo, kisha unauacha na kutunga wako papo hapo juu ya msingi uleule, halafu unarudi. Huko katikati ndiko jazi ilipo, na huko ndiko alikokatazwa kwenda. Kila alipojaribu, mama alipiga kelele chumbani hadi jirani akagonga mlango. Siku moja nilimkuta ameweka vidole juu ya piano bila kubonyeza, anavichezesha hewani, machozi yanamtoka. Nikamuuliza vipi, akasema, "Wifi, ndani ya kichwa changu napiga vizuri kweli." Nilishindwa kumtania.

Mwezi uliopita akatokea mtu waliyesoma naye chuo, fundi wa majokofu ambaye Jumapili mchana anapiga saksafoni kwenye ukumbi wa maktaba na wenzake wawili. Mpiga piano wao amehama. Akamwambia Nakala, "Nitakuja Jumamosi nikusikie. Upige wimbo wowote, lakini katikati nataka nikusikie wewe. Ukiweza, kiti ni chako."

Nilijitolea kukaa na mama kila Jumapili. Nilidhani nimemaliza kazi, nimelipa dhambi zangu zote. Jumamosi fundi alipofika, nikaingia na mama chumbani, nikafunga mlango, nikafungua redio mpaka mwisho.

Nakala akaanza wimbo wake wa kila siku. Alipofika mwisho, akauacha.

Sijui niseme nini. Mimi si mtu wa muziki, nyumbani kwetu hata filimbi hatukuwa nayo. Lakini nilizima redio, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea polepole, ule wa kulia umefunguliwa, unakimbia, unasimama ghafla, unauliza kitu na kujijibu. Mwanamke niliyemjua miaka kumi na minane, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

Nilipozinduka, mama alikuwa ameshafungua mlango, amesimama sebuleni amejishika ukutani. Nilimfuata roho mkononi. Fundi naye alikuwa ameinuka. Nakala alimwona mama yake, akafumba macho, hakuacha. Alipiga mpaka mwisho.

Mama hakupiga kelele. Alipiga makofi.

"Dada, unajua kupiga," alimwambia binti yake. "Hata marehemu mume wangu hakukufikia. Karibu sana. Ila nitakuomba kitu, usinielewe vibaya."

"Niombe tu, mama," Nakala alisema.

"Uondoke kabla binti yangu hajarudi. Na yeye anapiga, lakini kidogo kidogo, wimbo mmoja tu. Akikusikia wewe, atataka kupiga kama wewe." Akajisogeza karibu, akapunguza sauti kama anayetoa siri ya aibu. "Mimi macho yananidanganya siku hizi. Namjua kwa ule wimbo wake tu. Akiubadilisha, nitamjuaje?"

Nakala aliinuka, akamshika mama mkono kwa heshima kama mgeni anayeaga, akachukua viatu vyake na kutoka. Nilimsikia akishuka ngazi mpaka chini.

"Amepita!" fundi alininong'oneza. "Amepita, tena kwa mbali. Kesho aje."

Mama aliketi akatugeukia. "Na nyinyi msimwambie binti yangu."

Tukakaa. Dakika tano, kumi. Niseme ukweli: nilikuwa naomba asirudi. Aende kwa miguu mpaka huko kwenye maktaba, akae kwenye piano yao, sisi tutahangaika na mama tutakavyohangaika, mimi na mume wangu na nyumba yetu ndogo. Nilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kweli.

Mlango ukafunguliwa. Nakala akavua viatu, hakumsalimu mtu, akaketi na kupiga ule wimbo kama ulivyo, mstari kwa mstari, pamoja na kosa lake. Uso wa mama ukafunguka.

"Kumbe ni wewe. Leo umechelewa."

"Kazi zilikuwa nyingi, mama. Kuna mtu alikuja?"

Mama alinitupia jicho la onyo, kisha akamwangalia fundi, kisha binti yake.

"Nani aje hapa? Hakuja mtu."

"Sawa, mama," Nakala alisema, akainuka kwenda kumpashia moto chakula. Fundi alisimama mlangoni muda mrefu akimsubiri amtazame.