Waipa za Mama na Mlima Sekenke

Mafuta ghafi ya alizeti yakipata joto juu ya mpira hutoa harufu nzito, kama karanga zilizoanza kuungua. Juzi niliisikia harufu hiyo kwenye duka la spea pale Utemini. Kijana wa dukani alikuwa amenifungia waipa mpya kwenye kioo cha gari, kisha akachovya kitambaa kwenye kopo. "Dada, tunapaka kidogo tu, jua lisizipasue." Nikamdaka mkono. "Thubutu!" nilimwambia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana wateja wote waligeuka. Wageuke tu. Jambo hili kwetu halina mjadala.

Nilikulia Shelui, na kule mafuta ya alizeti ni dawa ya kila kitu. Ngozi ikikauka, mafuta. Bawaba ikilia, mafuta. Kiangazi kikikolea, madereva walipaka waipa zao mafuta, wakaziona laini, wakafurahi. Mama peke yake alikataa. "Sufuria la mafuta mmewahi kuliosha kwa maji matupu likatakata?" aliwauliza, wala hakungoja jibu.

Baba alipofariki alituachia pikapu kuukuu. Kaka yake, baba mkubwa Mkumbo, alimruhusu mama aiendeshe kiangazi tu, abebe alizeti kutoka Ulemo hadi kwenye mashine za kukamua Shelui. "Mvua zikianza, gari nalichukua," alisema mbele ya ukoo. "Mwanamke hateremki Sekenke mvua inanyesha." Mlima huo una kona kali na malori yaliyosheheni mizigo, na pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Mama aliinamisha kichwa. "Nimesikia, shemeji," alisema, kisha akaanza kujiandaa kwa mvua.

Alivunja mabua mawili ya mtama kwa kipimo cha waipa, refu la upande wa dereva, fupi la upande wa pili, akaenda nayo dukani ili asiuziwe waipa zinazogongana. Kila jioni alifuta mpira kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka kitambaa kikaacha kutoka na weusi. Vumbi hakulifuta kwa waipa kavu hata siku moja. Alisema mchanga unachora kioo. Gari likisimama juani, alizinyanyua zisiungue. Wapiga soga wa stendi walicheka kwamba gari la mjane limeinua mikono linaomba mvua.

"Ndiyo, naiomba," mama aliwajibu. "Ije, mniangalie."

Ikaja. Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi, na baba mkubwa akatufuata hadi Ulemo, akakaa ndani ya gari pamoja na mama na mimi, tayari kupokea usukani. Tulipofika juu ya Sekenke mvua ikashuka yote kwa pamoja. Waipa zilipita mara moja tu, na kioo kizima kikageuka uji. Mama akasogea pembeni, akasimamisha gari, akanituma niweke jiwe mbele ya tairi.

"Nani kapaka mafuta?" aliuliza niliporudi.

"Mimi," alisema baba mkubwa, bila aibu. "Ulipokuwa unapakia magunia. Nimekusaidia. Haya, nipe usukani."

"Kwani macho yako wewe yanapenya mafuta, shemeji?"

Nilitamani kucheka, nikaogopa. Mama alishuka na kipande cha sabuni ya mche, akafungua kanga yake ya juu, akaanza kuosha. Aliosha mipira, akaosha kioo, mvua ikisuuza. Lori lilitupita likipiga honi, wala hakuinua uso. Alirudi ndani ameloa chapachapa, akawasha waipa, na barabara ikaonekana nyeusi, safi, hadi kwenye kona.

Nilitoa jiwe, nikapanda. "Kaa vizuri, shemeji," mama alisema. "Tunateremka." Kisha akanigeukia. "Imba."

"Niimbe nini?"

"Zenu za mchakamchaka, za shuleni. Kwa sauti."

Nikaanzisha, mama akaitikia. Baba mkubwa alishika mlango kwa mikono miwili, na kwenye kona ya mwisho nilimsikia naye anaitikia. Niliona fahari isiyo na kifani. Nilijua mama anasherehekea, na kwamba magoti yake yanatetemeka kwa baridi.

Tulisimama mbele ya mashine, wapiga soga wakiwa wamejibanza barazani. Mama alishuka, akazinyanyua waipa zake polepole ili wazione. Baba mkubwa alishuka kwenye matope, akazitazama. "Shemeji," alisema, "ile sabuni imebaki? Mikono yangu bado ina mafuta." Habari ya kuchukua gari hakuirudia tena.

Miaka mingi baadaye niliteremka Sekenke peke yangu, gari ni langu, mvua ni ileile. Hita ilikuwa inawaka, nguo zangu kavu, na bado magoti yalinitetemeka mpaka nikahofia mguu utateleza kwenye breki. Ndipo nikaelewa kwamba mama hakuwa na baridi, wala hakuwa anasherehekea. Alikuwa anaogopa kama mimi, na usukani hakumpa mtu.

Nikaanzisha wimbo wa mchakamchaka, nikaitikia mwenyewe, nikateremka.