Koti la Kutu

Wewe unayekwenda kumsikiliza Kutu kwa mara ya kwanza, nisikilize mimi kwanza. Usikae mbele, cheche zitakutoboa nguo. Ile damu mdomoni ni juisi ya bitiruti, usije ukazimia. Na akianza kunguruma kama lori linalopanda mlima, usikimbie, subiri wimbo wa tatu. Unashangaa bibi mzima nayajua haya? Mimi ni fundi cherehani, na koti lake nimelishona kwa mikono yangu hii.

Nilimjua akiwa mchomeleaji wa mageti tu. Binti yangu wa pekee alipomleta nyumbani kumtambulisha, alinisalimia huku akitazama vidole vyangu vya miguu. Kila nikimwambia kitu, "Ndiyo, mama." Mpole mpaka anaudhi! Nilipomuuliza habari za baba yake alisema, "Alifia kazini, mama." Basi nikampima suti ya harusi: mkono wa kulia inchi ishirini na nne, wa kushoto ishirini na tano. Nikacheka, nikaandika kwenye daftari.

Siku moja alikuja kunitengenezea mlango wa duka. Ukutani palikuwa na bango la Kutu: uso mweupe kama kamwagiwa unga, ulimi nje, minyororo shingoni. Nikalichana vipande vipande.

"Mtu kama huyu hata mbuzi simpi achunge!" nikasema.

Fundi wa watu akaendelea kugonga misumari. "Ndiyo, mama."

Wiki tatu kabla ya harusi, akaja mwanamke mmoja, mpiga ngoma wa bendi, na karatasi ya vipimo. Koti jeusi la ngozi, mgongoni zipu zimepangwa kama mbavu. La nani? La Kutu. Nikasoma: kulia ishirini na nne, kushoto ishirini na tano. Mabega yale yale, kifua kile kile. Lo! Nikalivuta daftari langu, nikalinganisha na vipimo vya suti ya harusi. Miaka thelathini ya kupima watu, mikono ya namna hiyo nimeiona kwa mtu mmoja tu.

Kazi sikatai, nikalishona, bendi wakalichukua. Jumamosi mchana nikafunga duka, nikajitanda mtandio, nikaenda kwenye onyesho lao. Nia yangu ilikuwa moja: nimtazame usoni mbele za watu, nimpe vidonge vyake, nivunje harusi.

Lilikuwa ghala kuukuu lililojaa vijana waliovaa nguo nyeusi. Wazazi wangu, zile kelele! Kutu alikuwa anaburuza mashine ya kukatia chuma juu ya pipa, anatema bitiruti, anawaita watu wote wanafiki. Nyimbo mbili nzima niliziba masikio, napanga matusi.

Wimbo wa tatu akaacha kunguruma. Akaanza kusimulia, sauti imemkauka. Mtu aliingia kiwandani asubuhi, mashine ikamla. Mabosi wakaleta pole nyumbani: saa ya ukutani. Mtoto wake akalala miaka yote anaisikiliza. Kisha Kutu akachukua nyundo akaanza kupiga bati, taratibu, tik, tik, tik, na ghala zima likapiga miguu pamoja naye. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga hawakukosea. Kumbe yote haya yalikuwa kifuani mwa huyu wa "ndiyo, mama"! Nililia, sifichi.

Hapo ndipo aliponiona. Nyundo ikasimama. Bendi ikasimama. Akainamisha ule uso wake wa unga, akasema kwenye kipaza sauti:

"Shikamoo, mama."

Ghala likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Pembeni ya jukwaa nikamwona binti yangu, kashika ndoo ya bitiruti. Alijua vizuri ninavyomchukia Kutu, na nimefuata nini pale. Wote wawili wananitazama, wanangoja nifungue mdomo.

Matusi yote niliyoyapanga nikayatafuta, sikuliona hata moja.

"Marahaba," nikasema kwa sauti. "Mkono wa kushoto unabana?"

Akauinua, akaukunja, akaunyoosha.

"Haubani, mama."

"Basi endelea kupiga hiyo saa, mwanangu."